Muuaji Ameitikia Shikamoo

Endagikot, Mbulu

Mpenzi Xavery,

Brightness ameota meno mawili, ameshaing'ata picha yako. Sisi hatujambo.

Zile filamu za Muuaji wa Gunia, ambamo watu wote huisha kabla hujamaliza karanga zako, zinageuzwa tamthilia ya vijana ya kwenye TV, ili afe mtu mmoja kila wiki. Wanarekodi hapa kwetu. Mimi niliyeishia la saba nimevaa sare ya sekondari, na ndimi wa kwanza kufa. Muuaji ni baba yako. Dada Safina, mwongozaji, alimchagua kwa sababu hacheki.

Unajua tangu nije kwenu na mimba, kila asubuhi namwamkia na yeye anaangalia ng'ombe. Ulipoondoka kwa hasira ulisema hurudi mpaka aniitikie.

Basi jana akatokea kwenye mahindi, gunia usoni, panga juu. Nilitakiwa kupiga kelele. Nikaona mabuti yake, mdomo ukaniponyoka: "Shikamoo baba!"

"Marahaba mwanangu," gunia likajibu.

Watu walicheka mpaka kamera ikatikisika. Safina akasema, "Mama Brightness, muuaji haamkiwi! Turudie."

Tukarudia. Nikaimeza salamu, nikapiga kelele vizuri kabisa. Baba akashusha panga, akavua gunia.

"We mama Brightness, mbona safari hii huniamkii?"

Tumerudia mara saba, Xavery, na kila mara anasubiri shikamoo yake. Basi rudi.

Mkeo niliyeshindwa kufa,
Letisia