Nusu ya Watoto Wake

Studio, ghorofa ya kwanza,
Juu ya duka la vitambaa.
14 Machi, asubuhi.

Mpendwa Dada,

Pokea salamu zangu na za wifi yako. Hujambo? Kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimekuachia? Na shemeji, mgongo wake vipi? Wapwa zangu nasikia wanazidi kurefuka tu, sijui mnawalisha nini huko. Sisi tupo, ingawa miezi hii mitatu nimepumua kwa shida, ndiyo maana nilikaa kimya. Usinikasirikie. Nilikuwa na aibu.

Unakumbuka nilikuandikia kwamba nimenunua kamera mpya. Kijitabu chake cha maelekezo sikukifungua. Nimepiga picha miaka kumi na sita, kijitabu kitanifundisha nini? Desemba nikaenda nayo kwenye harusi ya binti wa seremala, yule anayetengeneza milango mtaa wa pili. Ukumbi ulikuwa na giza. Nikapachika taa yangu ya zamani, nikaongeza kasi ya kamera kufumba na kufumbua ili picha zisitikisike, nikabonyeza kwa mazoea. Kile kioo cha nyuma kinachoonyesha picha sikukitazama hata mara moja.

Kesho yake nilifungua kompyuta. Kila picha ya kiapo ilikuwa na utepe mweusi upande mmoja. Bibi harusi yupo, anacheka. Bwana harusi kamezwa na giza.

Seremala alikuja mwenyewe. Akazitazama zote bila kuketi. Nikaanza kujitetea, kamera ina hitilafu, ukumbi wenu nao... Akanikatiza. "Nilikupa watoto wawili, umenirudishia mmoja." Akatoka, mlango hakuufunga.

Nilipomhadithia wifi yako, hakunipa pole. "Kamera haina mdomo," alisema, "ndiyo maana unaisingizia." Nilimnunia siku mbili. Siku ya tatu nikajinunia mwenyewe.

Ng'ambo ya barabara kuna mwanamke mwenye studio, mdogo kwangu kwa miaka kumi. Tunamwita Bibi Daftari, kwa sababu kila picha anayopiga huiandikia mistari miwili: mwanga ulikuwaje, alikosea wapi. Mimi ndiye niliyembandika jina hilo, Dada, na nimemcheka mbele za wateja. Siku hiyo nilivuka barabara na zile picha kwapani.

Hakucheka. Alisema kasi niliyoweka ilizidi uwezo wa taa, na kwamba jambo hilo limeandikwa kwenye kijitabu. Kisha akaniuliza, "Mara ya mwisho kujifunza kitu kipya ilikuwa lini?" Nikamwomba anifundishe.

Akanipa sharti. Kila Jumamosi nimpelekee picha kumi zilizoniharibikia, si nzuri, na akizisema nisitamke neno "lakini". Jumamosi ya kwanza nilitokwa jasho hadi shati likaganda mgongoni. Ya pili nilitaka kuinuka niondoke. Ya nne nikajikuta namtangulia, naona kosa kabla hajalitaja. Na kila asubuhi kabla ya kufungua studio nikawa napiga picha ya kiti kimoja pale dirishani, bila taa, nabadilisha jambo moja tu kwa wakati na kuandika. Wifi yako akadhani nimerukwa na akili. Kiti kile sasa nakijua kuliko ninavyojijua.

Februari bibi harusi akapanda ngazi zangu. Baba yake amelazwa mara mbili, miguu inamkataa. Anataka picha moja, amesimama katikati ya watoto wake wawili. Nikamuuliza kama baba amekubali niwe mimi. "Hajakubali," akasema. "Nimekutaka mimi, maana wewe unajua kilichokosekana."

Nilimkuta seremala kwenye karakana yake, amekaa, harufu ya mbao kila mahali. Salamu yangu aliiitikia kwa kidevu. Mkwe akamshika huku, binti akamshika kule, wakamwinua. Magoti yakawa yanatetemeka. Nikabonyeza. Taa haikuwaka. Nikabonyeza tena, kimya.

"Imeanza tena hiyo kamera yako?" seremala akauliza.

Dada, neno "lakini" lilinifika kwenye meno. Nikalimeza. "Hapana, Mzee. Taa sikuijaribu kabla ya kuja. Kosa ni langu." Nikaing'oa, nikawaomba wasogee hatua tatu hadi mlangoni penye mwanga. Hatua tatu zile zilikuwa ndefu! Nikapunguza kasi, nikaegemea nguzo, nikawaomba wasitikisike. Mwenye miguu inayotetemeka namwomba asitikisike! Akafumba mdomo, akakaza shingo, akatulia. Nikapata picha nne kabla hajalegea.

Nikamwonyesha papo hapo. Akaitazama ya tatu muda mrefu. "Leo tumetimia," akasema. Fremu ameitengeneza mwenyewe, akiwa amekaa, na nasikia amewakataza wote kumsaidia.

Sasa jambo lililonifanya nishike kalamu. Kila nikikutumia picha za Mama unanisifu, unasema Mama anang'aa. Ni mimi niliyekuwa nikimng'arisha. Nilimkalisha pembeni, nikamfunika shali hadi shingoni, nikalainisha uso kwenye kompyuta, ili usione alivyokonda na ukaacha kazi yako kwa hofu. Nilijiambia nakuhurumia. Kumbe nilikupa nusu tu ya Mama.

Humu kwenye bahasha mna picha yake ya juzi. Nimempiga kwa mwanga wa dirishani, bila shali, alivyo. Yeye mwenyewe aliitazama akasema, "Mpelekee."

Msalimie sana shemeji, na wapwa waambie mjomba wao anawakumbuka kila mmoja kwa kelele zake. Mungu awafunike kwa rehema zake na akupe moyo wa kuifungua hiyo picha ukiwa umekaa.

Safari hii usinisifu, Dada. Mtazame Mama vizuri, kisha uniandikie unakuja lini.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye bila kukuficha tena,

Mpiga Picha