Kinyarwanda cha Mama

Jumatatu, 5 Mei 2025
Mama katoka hospitali. Mkono wa kulia bado mzito, uji nimemnywesha mwenyewe. Kiharusi kimeondoka na Kiswahili chake. Anakisikia, kukisema hawezi. Anaongea Kinyarwanda — lugha ambayo hakuwahi kututamkia hata siku moja! Kinyaturu cha shangazi zetu alijifunza, chake akakifukia.

Ninachokijua ni hiki: alivuka mpaka wa Rusumo kutoka Rwanda mwaka 1994, peke yake, Watutsi wenzake wakiuawa. Kambini Ngara akawaona wauaji nao wamepanga foleni ya mahindi. Marehemu Baba alikuwa dereva wa lori la chakula. Akamleta Itigi. Basi. Miaka thelathini, mengine hakuna.

Jumatano, 7 Mei
Leo kaongea dakika kumi na mbili mfululizo. Nimerekodi kwa simu. Sikuelewa hata neno. Analia, anaendelea, kama mtu anayewahi jambo. Daktari alishasema kiharusi kingine kinaweza kuja.

Kaka Gervas kapiga kutoka Dodoma. Anasema tusimchimbe Mama, yaliyopita yamepita. Rahisi kwake kusema. Ninayetazamwa machoni ni mimi.

Jumapili, 11 Mei
Nimepata mtu! Nje ya kanisa, Sostenes, muuza asali wa Mitundu, alikuwa anaongea na simu — lafudhi ile ile ya Mama. Nikampa shikamoo, nikamuuliza. Kwanza akasema anachoongea ni Kiha. Nikamwekea rekodi. Kisha akaanza kunitafsiria pale pale, kaegemea madumu yake.

Babu yangu aliitwa Karekezi. Bibi, Mukantwari. Watoto saba, Mama wa nne. Ng'ombe kumi na mmoja, migomba mpaka mtoni. Miaka ishirini na nane nimeishi bila kulijua jina la bibi yangu!

Dakika ya saba akanirudishia simu. Eti masikio yake hayasikii vizuri. Akafunga madumu, akaondoka kabla watu hawajatoka ibadani.

Jumanne, 13 Mei
Nimedandia lori la alizeti mpaka Mitundu. Nimemkuta Sostenes uani anachuja asali. Hakushangaa kuniona.

"Hapo dakika ya saba anaeleza kizuizi cha barabarani," akasema. "Ndugu zake wawili walishushwa garini pale. Mimi nilikuwepo, binti."

"Ulikuwa unakimbia?"

"Hapana. Nilisimama na waliokuwa wanawashusha."

Nikamuuliza kama aliua. Akasema hakuua. Alipokea vitambulisho tu, akasoma kabila la kila mtu kwa sauti. Tu!

Nikageuka niondoke. Akasema atakuja nyumbani kumalizia kutafsiri, yote, ila Mama aambiwe kwanza ni nani anayesikiliza. Bila hivyo haji.

Alhamisi, 15 Mei
Gervas kafoka kwenye simu. Eti nataka kumuua Mama? Si nitafute mkalimani mwingine, hata Dar! Kweli, wa kutafsiri rekodi atapatikana. Lakini huyu keshasikia. Mimi mwenyewe nimempelekea sauti ya Mama bila kumuomba ruhusa. Hilo siwezi kumficha.

Nimemwambia Mama. Polepole, nimeshika mkono wake mzima. Nimesema kizuizi. Nimesema vitambulisho. Akafumba macho, nikajua nimeharibu. Kisha akanyoosha kidole mlangoni, halafu kwenye kigoda kilichokuwa mbele yake.

Aje.

Jumamosi, 17 Mei
Kaja saa nne asubuhi. Mikono mitupu. Kasimama uani, kofia mkononi. Mama kakataa kulala, nimemwegemeza kwa mito hapa kibarazani.

Hawakusalimiana. Mama kamtazama, kamtazama, ndipo akasema maneno machache, bila kulia. Sostenes akanigeukia.

"Anasema haendelei mpaka uandike jina langu. Langu na la baba yangu, na la kilima tulichotoka, maana kwetu kijiji ni kilima. Anataka yakae daftari moja na ya kwao."

Nimefungua hili hili, ndilo lililokuwa karibu. Nimekaa katikati yao, naandika magotini.

Sostenes si jina alilozaliwa nalo. Hilo la kuzaliwa kanitajia herufi moja moja, nimeliandika ukurasa wa nyuma nilikoandika majina ya kwao Mama, chini ya Mukantwari. La baba yake bado. Kafunika uso kwa kofia. Nimemwambia Mama apumzike, tuendelee kesho. Katikisa kichwa kukataa. Anamngoja alitaje, na mimi kalamu nimeishika —