Nilizuia Jeneza Ili Nishinde Ubishi wa Gemu

Mpendwa Bi Stefania, shikamoo. Naomba msaada wako, na ikiwezekana jibu lako liwahi kabla ya Jumamosi ya wiki ijayo, maana siku hiyo ni arobaini ya Mzee Tawakali wa hapa Kitomanga na mimi sijui kama nina uso wa kwenda.

Mimi ni fundi wa umeme wa jua, nina miaka thelathini na sita, ni Mmakonde, nina mke na watoto wawili. Rafiki yangu Haruna ni Mmwera, anatunza ghala la korosho la chama cha ushirika, na tulijuana chuo cha ufundi, chumba kimoja, ndoo moja ya kuogea. Huko chuoni ndiko tulikoona habari za gemu moja la anga za juu linalotengenezwa ng'ambo, wakasema litakuwa na sayari za kutua na miji na watu maelfu kwa maelfu wote ndani ya anga moja, na wakasema baada ya miaka miwili litakuwa tayari, Bi Stefania, huu ni mwaka wa kumi na mbili na halijaisha, na mimi na Haruna hatujalicheza hata dakika moja kwa sababu kompyuta za huku haziliwezi, lakini haijapita wiki hatujalibishania.

Ubishi wenyewe ni huu. Kompyuta moja, hata iwe kubwa vipi, haiwezi kubeba watu wote hao, kwa hiyo wenye gemu wakasema watatumia nyingi, kila moja inashika kipande chake cha anga, na chombo kikifika mpakani kompyuta hii inakikabidhi kwa ile pamoja na abiria wake na mizigo yake na hata risasi iliyokwisha kupigwa iko njiani, bila mchezaji kuhisi chochote. Mimi nikasema haiwezekani, mimi nafunga mitambo, najua vifaa viwili vikifanya kazi pamoja lazima kimoja kichelewe kidogo, sasa kompyuta hii ikisema risasi imepiga na ile ikisema haijafika, mwamuzi ni nani? Haruna akaniuliza, "Kwani wewe Sixbert huendi mazikoni? Jeneza letu hulioni linavyobebwa?" Akasema jeneza likishatoka nyumbani halitui chini mpaka kaburini, aliye mbele anatoa bega na mwingine anaingiza lake huku wanatembea, watu mia wanapokezana na maiti hatikisiki, basi na kompyuta zitapokezana hivyo hivyo. Nikamwambia maiti hapigi risasi. Baba yake Haruna, aliyekuwa akitusikiliza, alicheka mpaka akakohoa.

Baba yake ndiye huyo Mzee Tawakali. Miaka mitatu iliyopita alipata kiharusi, Haruna akawa ndiye anayemuuguza, kwa hiyo ubishi tukauhamishia barazani kwao, mzee amelala kwenye kitanda cha kamba anatusikiliza, na ingawa ulimi ulikuwa mzito kila nikiingia alikuwa na swali lake moja, "Mmakonde, chombo kimevuka?" na mimi namjibu, "Shikamoo mzee, bado kimekwama mpakani," naye anacheka ndipo anaitikia marahaba.

Sasa nakuja kwenye kosa. Siku moja niko Mchinga nafunga paneli juu ya paa la shule, mtandao ulikuwa mzuri, nikafungua simu nikaona video mpya ya wenye gemu wakifanya majaribio, watu mamia wako mahali pamoja, chombo kinatoka upande wa kompyuta moja kinaingia upande wa nyingine na mtu kasimama ndani yake, kisha mwingine akarusha sanduku likavuka ule mpaka likiwa hewani likatua upande wa pili, nikairudisha video mara tano natafuta mahali lilipostuka, sikupaona, nikazima simu nikaendelea kufunga paneli. Haruna wiki hiyo hakuwa na muda wa kutazama chochote kwa sababu mzee alikuwa amezidiwa. Kesho yake nikaenda kumjulia hali, sauti yake imekwisha kabisa, akaniuliza, "Kimevuka?" nikasema, "Bado, mzee." Baada ya siku mbili akafariki.

Wewe unajua utani wetu Wamakonde na Wamwera, mazikoni mtani ana kazi yake, anamwigiza marehemu, analala kaburini, anazuia njia mpaka apewe chochote hata ugoro, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Mimi nilipasua kuni, nikaiga mzee alivyokuwa akichechemea na fimbo yake mpaka mjane wake, Bi Mastura, akacheka huku analia. Jeneza lilipotoka baada ya adhuhuri nikaruka njiani kwenye mikorosho, nikatanua mikono, wakasimama. Binamu yake Haruna akanipa ugoro. Nikaukataa. Nikasema, "Ugoro sitaki! Hapa ni mpakani na chombo hakivuki. Haruna atamke mbele ya watu kwamba kompyuta hazipokezani na gemu halitaisha, ndipo mzee apite." Watu wakacheka, maana Kitomanga nzima inaujua ubishi wetu. Haruna alikuwa mbele, jeneza liko begani kwake. Shehe akasema tunamchelewesha maiti. Haruna akanitazama, akasema, "Sawa, Sixbert. Hazipokezani. Halitaisha." Nikapisha, na pale pale nikamwona anatoa bega mwenzake anaingiza lake, na huyo anampokeza mwingine, na jeneza halikusimama tena mpaka makaburini.

Tangu siku hiyo nikimsalimu ananijibu salama na kugeuka. Mke wangu Fortunata anasema utani hauna kesi, niache kujitesa. Na kwa kweli majaribio si gemu lenyewe, nimesoma baadaye kwamba mitambo yao ilizimika mara kadhaa wiki ile ile, kwa hiyo siwezi kusema nilidanganya moja kwa moja. Lakini Bi Mastura ametuma mtu kusema watani wanahitajika arobaini na Sixbert asikose. Je, niende? Na hiyo video nimwambie Haruna, au nisubiri aione mwenyewe?

Sixbert, Kitomanga

JIBU LA BI STEFANIA

Marahaba, Sixbert. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa ajili ya hilo gemu na ya pili kwa ajili yako. Watu wazima wawili miaka kumi na miwili mnabishania kitu ambacho hamjakigusa, na mgonjwa kitandani anashangilia. Sikucheki. Nina wasomaji wengi wenye nyumba nzuri ambao hawana mtu hata mmoja wa kubishana naye namna hiyo, nao huniandikia kila wiki.

Mkeo amesema kweli, utani hauna kesi. Lakini hebu niambie, Fortunata anajua kuhusu paa la Mchinga? Naona hukumwambia. Ulimpa nusu ya habari akakupa nusu ya jibu, kisha unakuja kwangu kunionyesha hiyo nusu kama cheti.

Mimi pia ni Mmwera, mtani wako. Mama yangu alipofariki, Mmakonde mmoja alijilaza kaburini akasema hatoki mpaka apewe jogoo, kwa sababu mboga za marehemu zilikuwa na chumvi nyingi na zimemharibu tumbo. Nilicheka, Sixbert, siku ambayo sikudhani ningeweza kucheka, na mpaka leo namshukuru yule mtu. Jogoo alikuwepo bandani, tukampa, akatoka. Mtani huomba kitu ambacho mfiwa anaweza kukitoa bila kuumia, kisha anapisha njia. Wewe uliletewa ugoro ukaukataa. Utani uliishia hapo kwenye ugoro, na yaliyofuata yalikuwa yako mwenyewe. Ulimshika mtu akiwa na baba yake begani, na shehe anahimiza, ukamlazimisha akane maneno yake ya miaka yote, nawe ukijua kwamba maneno hayo ni ya kweli. Angefanya nini? Angemshusha baba yake chini ajadiliane nawe habari za kompyuta?

Tena nimeona kitu kingine. Umeniandikia kuungama, lakini mwishoni bado unabishana. Majaribio si gemu lenyewe, mitambo ilizimika, hukudanganya moja kwa moja. Nani amekuuliza? Mambo ya mitambo siyajui na sitajifanya nayajua, huenda una hoja nzuri kabisa. Lakini Mzee Tawakali hakukuuliza kama gemu limekamilika. Alikuuliza kama chombo kimevuka, na ulikuwa umekiona kinavuka mara tano.

Hapo kwenye "Bado, mzee" niliweka barua chini nikatoka nje kidogo. Siwezi kukurekebishia hilo, wala sitakudanganya kwamba mzee amekusamehe, kwa sababu sijui. Ila nadhani naelewa kwa nini ulifanya vile. Sidhani ulikuwa unagombania ushindi tu. Nadhani uliogopa. Mzee alikuwa anaondoka, na chombo nacho kikishavuka ubishi umekwisha, sasa ungekuwa unaingia barazani pale kwa kisingizio gani? Kama nimekosea, nisamehe. Kama nimepatia, basi umekuwa mjinga, maana Haruna hakukaa nawe miaka yote hiyo kwa sababu ya kompyuta za watu wa ng'ambo.

Sasa sikiliza. Leo hii mwambie mkeo habari yote, hata ile ya paa. Kisha kabla ya Jumamosi nenda ghalani kwa Haruna mchana, saa za kazi, usimvizie nyumbani ambako atalazimika kukukaribisha. Mpe simu aitazame hiyo video mwenyewe. Wewe nyamaza. Usimwonyeshe mahali ambapo ingeweza kukwama, usimtajie mitambo iliyozimika, akitaka kuirudisha mara kumi na airudishe. Akimaliza mwambie uliiona lini, na baba yake alikuuliza nini, na ulimjibu nini. Atakasirika kuliko alivyokasirika mazikoni, na atakuwa na haki. Akikufukuza, ondoka.

Na Jumamosi uende. Bi Mastura amekuita kwa jina na huyo ndiye mfiwa mkubwa, huna ruhusa ya kumkatalia kwa sababu ya aibu zako. Pasua kuni, teka maji, osha masufuria, kazi zote za mtani zifanye isipokuwa ya mdomo. Dua ikishasomwa na watu wakiwa bado wamekaa, omba idhini kwa Bi Mastura na kwa Haruna, usimame useme kwamba maneno aliyoyatamka siku ile njiani hayakuwa yake, ulimlazimisha, na yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Uliyafanya mbele ya watu, hayawezi kwenda kufutiwa chumbani. Wakicheka waache wacheke. Na Haruna asiposema kitu siku hiyo, wala mwezi huo, usimfuate na simu yako. Gemu limemfundisha kusubiri, sasa zamu yako.

Bado kuna jambo moja. Kabla hujarudi nyumbani Jumamosi, pita makaburini peke yako, kwa njia ile ile ya mikorosho. Msalimie mzee kama ulivyokuwa ukimsalimia. Hatakuitikia marahaba. Mwambie hata hivyo kwamba kimevuka.