UJUMBE WA "KUFUNGWA" NA MATIBABU YA BINTI WA FUNDI BOMBA

Chama cha Wazazi wa Watoto Wenye Mshipa wa Ini Ulioziba
Kikao cha saba, Jumamosi 14 Machi, saa 4:10 asubuhi, chumba cha mazoezi ya viungo nyuma ya wodi ya watoto.

Waliohudhuria: Mwenyekiti (dereva wa lori), Muuguzi wa kliniki, Fundi Bomba na mkewe, Bibi Mshonaji, Katibu.
Hakuwapo: Mwalimu wa michezo, bila taarifa, mara ya tatu.

KUMB. NA. 1/7: UFUNGUZI
Katibu aliongoza sala fupi. Bibi Mshonaji alisema haikuwa fupi.

KUMB. NA. 2/7: UJUMBE WA KATIBU
Fundi Bomba alieleza kwamba binti yake wa miaka saba alitapika damu mwezi uliopita na matibabu yake ni Alhamisi. Alisoma kwa sauti ujumbe aliotumiwa na Katibu: "Alhamisi mtoto atafungwa. Aje amefunga." Alisema mama mkwe alilia akidhani mjukuu anapelekwa jela. Mkewe aliongeza kwamba yeye alielewa ni mfungo wa ibada, akaanza mapema, na jana mtoto alishinda njaa. Katibu aliomba radhi, kwa Mungu na kwa watu.

Fundi Bomba alisema hata kama kinachofungwa ni mishipa, yeye hatii sahihi fomu ya ridhaa ya matibabu. Maneno yake: "Miaka ishirini niko kwenye mabomba. Bomba kubwa limeziba, halafu nyie mnataka kufunga na madogo? Maji yapite wapi, jamani?"

Bibi Mshonaji alimjibu, "Baba, mtoto si sinki." Mwenyekiti aliomba utulivu.

KUMB. NA. 3/7: MAELEZO YA MUUGUZI
Muuguzi alikiri kwamba swali lilikuwa la haki. Alieleza kwamba mshipa mkubwa unaopeleka damu kwenye ini umezibwa na damu iliyoganda, hivyo damu imejitafutia vichochoro. Baadhi vinapita kwenye njia ya chakula, vimevimba, na ndivyo vilivyopasuka. Mtoto akiwa amelazwa usingizi kwa dawa, daktari huingiza kamera mdomoni na kuvibana kwa vipete vya mpira. Vichochoro vingine hubaki wazi. Kazi hurudiwa mara kadhaa. Ini lenyewe la binti ni zima, na baadaye daktari wa upasuaji ataangalia kama anaweza kutengenezewa njia mpya ya damu.

Fundi Bomba aliuliza: "Kumbe mnabana panapovuja kwanza, halafu ndio bomba la kuzunguka?"

"Hivyo hivyo, fundi."

"Sasa si mngesema hivyo tangu mwanzo!"

Bibi Mshonaji alisema mjukuu wake alibanwa mishipa mara nne. Huu ni mwaka wa pili hajatapika damu, na kwa utundu wake majirani wamelalamika. Katibu alisema majirani wavumilie, Mungu apewe sifa.

KUMB. NA. 4/7: MAAZIMIO
Neno "kufunga" lisitumike tena katika ujumbe. Uliandikwa upya hapo hapo: "Alhamisi daktari atabana mishipa iliyovimba. Mtoto asile kuanzia saa atakayotaja Muuguzi. Kabla ya hapo ale kama kawaida."

Fundi Bomba aliazima kalamu ya Katibu, akatia sahihi fomu ya ridhaa juu ya goti.

Mkewe aliuliza binti apewe nini akizinduka. Muuguzi alijibu: kitu laini, kisicho moto. Ilibainika kwamba hilo lilikuwa swali la kwanza kuulizwa na wazazi hao kuhusu Alhamisi jioni, baada ya matibabu.

Tulitawanyika saa 5:25 asubuhi.

Mwenyekiti: ....................
Katibu: ....................