Zoezi la Kubadilishana Viti

Shoga, uko? Nimejifungia chooni hapa ukumbini.

Si unajua leo nawafundisha makamishna wa afya kushirikiana na wananchi? Nikajifanya mjanja, nikasema tubadilishane viti: wananchi wawe makamishna, makamishna wawe wananchi.

Mkubwa wao akaigiza mpaka sauti ikakwama. "Tafadhalini, msitufungie wodi ya wazazi." Wodi hiyo hiyo anayotaka kuifunga yeye!

Yule mama mshonaji, msemaji wa wananchi, muda wote anachezea simu. Halafu akasema, "Asanteni kwa maoni, tutayafanyia kazi." Akanyanyuka, wenzake wote nyuma yake, wakatoka.

Tukapiga makofi. Shoga, TUKAPIGA MAKOFI! Tulidhani bado wanaigiza.

Hawajarudi mpaka sasa. Na bila wao kukubali, mpango wote wa hiyo wodi umekwama. Ukumbi mzima ukanitolea macho mimi.

Mkubwa akampigia simu yule mama, akaweka spika wote tusikie. Mama akapokea, na nyuma yake cherehani inalia waziwazi.

"Niko kwenye kikao, baba," akasema. "Njoo kesho."