Radhi ya Babu Yako Iliyokosa Sauti

S.L.P. 27,
Soni,
Lushoto.
14 Septemba, 1996.

Mpendwa mjukuu wangu Hawa, mke mwenzangu wa huko Mwanza,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba sana. Hujambo? Mumeo hajambo? Mtoto ameshaota meno? Sisi wazima, ila goti langu la kushoto linagoma baridi ikishuka, na babu yako anakohoa kila asubuhi. Ni tumbaku yake hiyo, usimwonee huruma.

Anayeniandikia ni jirani yetu Yunis. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinilainishie neno hata moja.

Sasa nikugombeze. Barua yako nimesomewa mara tatu, na mara ya tatu nilitaka kuichana. Eti umeitazama kanda ya harusi ya mdogo wako Sabra, ukamwona babu yako anakunyooshea fimbo, mdomo unakwenda, ukajua anakulaani mbele ya watu. Umelia siku mbili. Hawa, we mtoto! Siku mbili zote hizo hukujiuliza kwa nini laana inapigiwa wimbo wa harusi?

Lakini na mimi nilikuwa sijaiona hiyo kanda. Fundi wa video alitoa mbili, moja tukampa Ismaili wa basi la Mwanza akuletee, nyingine nikaifunga kwenye khanga nikaiweka sandukuni, maana deki ya kuichezea tungeitoa wapi? Barua yako ilipokuja nikaibeba mpaka dukani kwa Hamisi mwenye televisheni. Tukakaa, na babu yako akakaa. Mara naona kwenye kioo yule mghoshi wangu, mume wangu mwenyewe, anasimama, anafungua mdomo, na inatoka sauti ya mwanamke anaimba! Watu wakacheka. Babu yako hakucheka. Alichukua kofia yake akaondoka.

Sikiliza alichokisema siku ile ya harusi. Tangu uikimbie posa aliyokuwa ameshaikubali, ukaenda kuolewa huko bila kumuaga, miaka sita hajalitaja jina lako. Sisi sote tukajifunza kulimeza. Siku ya harusi alipomaliza kumpa Sabra radhi, hakuketi. Akauliza, kamera iko wapi? Akaielekezea fimbo, akasema na Hawa naye, huko aliko, nimempa radhi. Hiyo ndiyo fimbo uliyoiona! Shangazi zako walipiga vigelegele mpaka mbuzi wakakata kamba.

Kesho yake baada ya kuiona kanda nikapanda gari kwenda Lushoto kumtafuta fundi mwenyewe, Nathanaeli, yule mwenye chumba cha picha karibu na soko. Nilimwambia yote niliyokuwa nayo. Nilimwita mwizi wa maneno ya watu. Akanivutia kigoda nikae.

Akanieleza hivi. Maiki aliyomwekea babu yako ina waya mrefu unaoingia kwenye kamera. Ukishauchomeka, kamera haisikilizi tena yenyewe, inaingojea maiki. Watu walipokuwa wanapishana, mmoja akaukanyaga waya, ukachomoka nusu. Kwa macho unaona umo. Ndiyo maana fundi huvaa vile visahani viwili vyeusi masikioni, asikie kinachoingia kwenye kanda, kikikatika ajue papo hapo. Alipokwenda kuunganisha picha akakuta pale pamekufa kimya, akaona aibu, akapaziba kwa wimbo.

Nikamuuliza, basi siku ile visahani vyako vilikuwa wapi? Akasema, "Bibi, nilikuwa nimevivaa. Wewe ndiye uliyenijia ukaniambia nivue."

Hawa, nilikumbuka. Babu yako anasimama kutoa radhi, na huyu amejiziba masikio kama anayesikiliza mpira! Kwetu mkubwa akisema, hata kilemba kinasogezwa sikio libaki wazi. Nilimfuata nikamwambia avue adabu zake mbaya, mzee anazungumza. Akavua, maskini, akavining'iniza shingoni. Kumbe ndiye peke yake aliyekuwa anamsikiliza sawasawa. Nimejikasirikia mpaka leo, na nimemwomba radhi, jambo ambalo unajua silipendi.

Kumbe kazi ilikuwa bado. Babu yako hataki kurudia! Wiki tatu nimembembeleza. Radhi si mnada wa nyanya, anasema, niliitoa, watu walisikia, imekwisha. Nikamwambia watu walisikia, lakini aliyesamehewa hajasikia, sasa umemsamehe nani? Akaenda shambani. Nikamfuata shambani. Nikamwambia yule mtoto analia huko Mwanza kwa sababu ya fimbo yako. Akalikita jembe lake chini. Akasema, "Muite huyo mtu wako."

Jumanne Nathanaeli akaja. Safari hii visahani nilivivaa mwenyewe, juu ya ushungi. Babu yako anaanza, nasikia lori la kabichi linapanda kilima. Nikapiga kelele, simama! Anaanza tena, jogoo. Simama! Akafoka, "Mwanamke, umeniamrisha miaka arobaini na tisa, leo umepata na waya!" Nathanaeli akageuka ukutani acheke.

Mara ya tatu hapakuwa na lori wala jogoo. Nilimsikia anavyomeza mate. Nimelala ubavuni kwake miaka yote hii na sijawahi kumsikia karibu hivyo. Akasema, "Hawa, nilikasirika nikazidisha. Radhi unayo. Mlete mumeo nimwone, na huyo mtoto." Basi. Nilitaka kumwambia aongeze, nikashindwa, machozi yaliingia kwenye hivyo visahani.

Nilimlazimisha Nathanaeli tuisikilize kanda yote kwenye mashine yake kabla hajaondoka. Sauti imo. Nayo anakuletea Ismaili. Ukiisikia usiniandikie barua, nimechoka kusomewa. Panda basi uje, na mumeo akiona haya mwambie haya zake azilete huku.

Sabra na mumewe wanakusalimu, Yunis naye, na Hamisi anasema televisheni yake iko tayari. Babu yako hajatuma salamu; anasema ameshasema.

Mwenyezi Mungu akufikishe salama, wewe na wako wote.

Ni mimi bibi yako, ninayekupenda kwa kelele,
Bibi Rehema