Uvimbe Nyuma ya Ulimi

Mlandege, Jumatano

Daktari haoni dalili ya saratani. Naandika hivyo ili niamini.

Mwezi mzima nikimeza nahisi kama tonge limekwama kooni, na nikiadhini msikitini sauti inatoka nzito, kama ya mtu mwenye chakula mdomoni. Marehemu kaka yangu alianza hivihivi. Ndiyo maana sikumwambia mke wangu Mwanaidi.

Leo daktari aliingiza kioo kidogo mpaka nyuma ya ulimi, akachungulia.

"Mzee, tezi za kwenye shina la ulimi zimevimba. Nadhani asidi ya tumbo inapanda na kuziunguza. Ukishakula unalala hapohapo?"

Nikakiri. Kanipa dawa ya asidi, na nikishakula nikae masaa matatu kabla ya kulala. Nirudi baada ya wiki sita. Zisiponywea, atakata kinyama kikapimwe. Hilo la kupimwa...

Jioni nikamweleza Mwanaidi yote. Akakaa kitandani, akalia.

"Baba Zuhura, usiku unakoroma kama unakabwa. Mimi nakesha nasikiliza kama bado unapumua."

Nilimshika mkono tu.